Mume wa Ng'ombe kwenye Folda ya Pili

Kiwanda nilichokuwa karani wake wa ghala, kile kidogo cha kukamua mafuta ya mbegu za pamba, kilisimama siku ya Jumanne. Naikumbuka siku kwa sababu Jumatano yake niliamka saa kumi na mbili, nikanyoa ndevu, nikavaa shati la kazini, nikafika hadi kwenye mlango wa uzio ndipo nikakumbuka kwamba sina ninakokwenda. Mama alikuwa anafagia uwanja. Akanitazama kuanzia viatu hadi kichwani, akauliza naelekea wapi. Nikasema nanyoosha miguu kidogo.

"Inyooshee humu humu," akasema. "Uwanja wetu si mdogo."

Nikarudi ndani, nikalivua shati, na kwa miezi mitano iliyofuata niliinyooshea humo humo.

Wapo wanaume ambao kukosa kazi kunawatoa nyumbani. Utawaona Bariadi mjini, kwenye vijiwe vya bodaboda na penye bao, wamevaa vizuri kuliko walivyokuwa wakivaa kazini. Mimi sikujaliwa hilo. Hata nilipokuwa na mshahara, raha yangu ilikuwa kufika nyumbani, kuvua soksi na kumsikia mama akimsema mtu mwingine. Sasa wa kusemwa nilikuwa mimi, lakini soksi zilikuwa zimevuliwa tangu asubuhi, kwa hiyo nikaona si hasara tupu.

Tulikuwa watatu. Mama, mjane na mzee wa kanisa, mwanamke ambaye akiombea chakula ugali hupoa. Mdogo wangu wa kike, fundi cherehani, ambaye mashine yake ilikaa barazani ikinguruma kutwa nzima, kama kunikumbusha kwamba nyumba hii ina mtu anayefanya kazi. Na mimi, ambaye yeye alinipa cheo cha Mkurugenzi wa Kochi.

Mwaka ule alikuwa anatimiza miaka thelathini na alikuwa na mchumba. Alishakuwa naye mwingine kabla, na watu wa huyo mwingine walikuja, wakala, wakashukuru, wakaenda, hawakurudi. Hatukupata kujua kwa nini. Mama alisema ni Mungu. Dada alisema ni mimi, kwa sababu siku ile niliwasimulia wageni habari ya jino langu. Huyu wa sasa alikuwa fundi wa pampu za maji, mkubwa wa mwili, mpole, mtu wa kwao Mwamapalala, na dada alimtaka. Hakulisema hilo kwa mdomo. Alimshonea shati bila kumpima, na likamkaa.

Kilichoniingiza kwenye albamu ni kuishiwa bando. Zamani nilikuwa msikilizaji wa kipande cha huku na kipande cha kule kwenye simu, kama mtu anayeonja mboga kwenye masufuria ya watu. Bando lilipokwisha na la kuongeza likakosekana, nikaiteremsha sabufa ya marehemu baba kutoka juu ya kabati, ile yenye tundu la memori kadi, nikaipeleka kadi kwa mama wa stesheneri. Stesheneri iko nyumba ya nne kutoka kwetu, kwa hiyo safari hiyo siihesabu kuwa nilitoka. Mama huyo hutoa kopi, hupiga picha za pasipoti, na anazo kwenye kompyuta yake nyimbo za Simiyu nzima tangu enzi za kaseti.

"Nikuwekee nini?" akauliza.

"Chochote. Mradi kiwe kirefu."

Akanitazama juu ya miwani. "Huna kazi wewe."

Nikamuuliza amejuaje.

"Wenye kazi huniletea orodha. Wasio na kazi husema chochote."

Akanijazia albamu nzima nzima, wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, kwa mpangilio wake. Folda ya kwanza kwaya na zeze, ya pili ngoma za Kisukuma, ya tatu akaandika "mchanganyiko", na humo nilikuta hata mahubiri na tangazo la dawa ya kuoshea ng'ombe.

Sijui kama naweza kueleza nilivyoshtuka. Nilikuwa na miaka thelathini na saba na sikuwahi kusikiliza albamu hata moja kuanzia mwanzo. Ya kwanza ilikuwa ya kwaya ya kijijini. Wimbo wa nne niliujua, unapigwa kwenye kila harusi, lakini harusini huukata kabla ya ubeti wa tatu. Mimi sikuukata. Katikati ya ubeti wa tatu kinanda kinazimika ghafla, nadhani umeme, na unasikia ukimya wa nusu pumzi, halafu wanaume wa sauti ya nne wanaubeba wimbo kwa vifua vyao mpaka mwisho. Na hawakuurekodi upya. Walikaa, wakajisikiliza, wakakubaliana uachwe vile vile. Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi na chai ikapata utando.

Ya pili ilikuwa ya mzee mpiga zeze. Baina ya wimbo wa pili na wa tatu anakohoa, anaomba maji. Unasikia miguu ya mtu, kikombe kinawekwa mezani, mzee anakunywa, anasema wabeja, anashukuru yaani, na wimbo wa tatu unaimbwa na koo lililolowa. Nilijikuta nimekaa wima kwenye kochi, jambo ambalo dada alilitangaza kwa mteja wake kama habari.

Basi ikawa ndiyo kazi yangu. Saa nne asubuhi, wenye kazi wakiwa makazini, mimi nawasha sabufa. Nikafika folda ya pili.

Albamu ya kwanza ya folda hiyo ilikuwa ya zamani, imetolewa kwenye kaseti, ina mchakacho kama mvua inayonyesha kwenye bati la jirani. Ilirekodiwa uwanjani, kwenye mashindano ya baada ya mavuno. Ngoma zetu zina pande mbili, Bagika na Bagalu, na mtu huzaliwa upande wake kama wengine wanavyozaliwa na timu ya mpira. Pande hizo hucheza uwanja mmoja, siku moja, na watu huhama kutoka huku kwenda kule. Mwenye watu wengi ndiye mshindi. Kila upande una manju wake, mtunzi na mwimbishaji, na silaha ya manju ni kumwimba mwenzake.

Kisukuma changu ni cha nyumbani, cha salamu, chakula na kukemewa. Kile cha ngoma ni cha ndani, kinanipita. Lakini wimbo wa saba ulikuwa mwepesi, hata mimi niliuelewa. Mtu mmoja aliacha ngoma katikati, akaacha watu wake, akakimbia nyumbani kwa ng'ombe. Manju anamtaja kwa jina, anauliza: ni ng'ombe gani huyo asiyeweza kungoja jua lizame? Kisha kiitikio: mume wa ng'ombe, msalimie mkeo mwenye pembe. Na hapo watu wanacheka. Sijasikia kicheko kama kile popote. Kinaanzia mbali, kinakuja kama ng'ombe wenyewe wanaoteremka kisimani, mpaka manju anashindwa kuendelea, naye anacheka.

Niliupiga kila siku. Dada akaanza kukanyaga cherehani kwa mdundo wake. Mama alipita sebuleni akakunja uso.

"Hizo ni za Bagalu," akasema.

"Marehemu baba alikuwa upande gani?"

"Baba yako alikuwa upande wa kwaya. Punguza."

Lakini niliuona mguu wake.

Watu wa mchumba wakaleta habari kwamba wanakuja Jumamosi, saa nne asubuhi, kuzungumza. Baba mdogo akaja tangu Ijumaa kutoka Shishiyu, na wazee wawili wa ukoo wetu, kusimama mahali pa baba. Mama akachinja kuku watatu. Dada akaniita barazani, akaweka mkasi chini ili nione kwamba anasema kwa dhati.

"Kaka, kesho nakuomba ufanye kitu kimoja."

"Sema."

"Usifanye kitu."

"Hicho nakiweza, nina uzoefu wa miezi mitano."

Hakucheka. Akasema, "Hawa wakiondoka kama wale, mimi sitapokea wageni wengine. Nakuambia ukweli." Akashika mkasi akaendelea kukata kitambaa, akakata upinde vibaya. Sijawahi kumwona akikata upinde vibaya.

Walikuja watano: mshenga, mwenye maneno laini kama maziwa ya mgando, wazee wawili wa ukoo, mchumba mwenyewe ndani ya koti, na baba yake. Huyo baba alikuwa mrefu, mkavu, Mkristo wa miaka mingi, kofia kaiweka gotini. Aliitikia salamu zote, na baada ya hapo hakusema neno. Mshenga ndiye aliyesema. Dada, kama ada, alikaa chumba cha pili nyuma ya pazia. Mama aliniagiza jambo moja: kwaya, sauti ya chini. Nikaweka kwaya, sauti ya chini, nikakaa kwenye stuli kando ya sabufa. Kochi lilikuwa limechukuliwa.

Mazungumzo yalikwenda vizuri hadi yakafika kwenye ng'ombe, kama yanavyofika siku zote. Hapo baba mdogo akaomba ruhusa, akatoka na wazee wetu wawili kwenda kunong'ona nyuma ya jiko, kwa sababu jambo hilo halijibiwi mbele ya wageni. Nikainuka niwafuate. Baba mdogo akanirudisha kwa kiganja.

"Wewe baki na wageni. Wachangamshe."

Mtu ambaye kwa miezi mitano amezungumza na wanawake watatu tu, na wote wanamsema, akaambiwa awachangamshe wageni watano wa Mwamapalala. Wakanitazama. Nikawatazama. Nikatazama mvua kama itanyesha. Habari ya jino ilinijia kichwani nikaimeza. Ndipo nikaona, kwa akili yangu mwenyewe, bila kusukumwa na mtu, kwamba hawa ni watu wa shamba, wanaongea habari za mke na ng'ombe, na mimi ninao wimbo wa mume na ng'ombe, wenye vicheko. Folda ya pili. Wimbo wa saba.

Ulipoanza, mmoja wa wale wazee akatazama sakafu. Mshenga akakohoa. Baba wa mchumba alikuwa ameinua glasi ya soda, na glasi ikasimama hewani, si mdomoni wala mezani. Mimi niliona wamevutiwa. Nikaongeza sauti. Kicheko cha watu wale wa zamani kikajaa sebule yetu, nami nikacheka nacho, peke yangu.

"Hii ni ya kwenu huko, baba, kama sikosei," nikasema.

"Ni ya kwetu," akajibu. Ndiyo mara ya kwanza namsikia tangu salamu.

"Mnaifahamu?"

"Naifahamu."

Wimbo ukaisha. Akaiweka glasi chini taratibu. "Rudisha," akasema.

Nikarudisha. Mungu anisamehe, nilifurahi. Aliusikiliza kwa macho yaliyofumbwa hadi kicheko cha mwisho, akafumbua, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayejitambulisha kwenye mkutano:

"Huyo mume wa ng'ombe ni mimi."

Nilitafuta kitufe cha kuzima. Kidole kikabonyeza cha kuongeza. Wimbo wa nane ukalipuka, bata wa jirani wakaruka, na baba mdogo akaingia mbio akidhani kuna ugomvi. Mama akaingia kwa mlango mwingine na sinia la wali. Nikang'oa waya ukutani. Ukimya uliofuata niliujua; ulikuwa ule wa kinanda kilichozimika, ila hapa hapakuwa na sauti ya nne ya kuubeba wimbo.

Nyuma ya pazia nilimsikia dada akivuta pumzi. Hakuitoa.

Mshenga akasimama, maziwa yote yamemkauka. "Wazee," akasema, "tumekuja kuomba, tumeimbiwa."

"Nani amewaimbia?" mama akauliza. Akaitazama sabufa, akanitazama mimi na waya mkononi mwangu. "Baba," akamwambia yule mzee, "huyu mwanangu ni mjinga, si mwovu. Jina lililomo humo hata mimi nalisikia, sikujua ni la nani."

"Lilikuwa jina langu la ngoma," mzee akasema. "Nililiacha pale pale uwanjani. Huyu hana kosa, mama. Lakini chakula hiki siwezi kukila."

Akatueleza, bila hasira, na hilo ndilo lililotisha. Yeye alikuwa manju wa Bagika. Ngoma aliyoimbiwa mtu hujibiwa kwa ngoma, asiyejibu amekubali. Yeye hakujibu. Siku ile aliondoka uwanjani, watu wake wote wakahamia upande wa pili, na wiki iliyofuata akasikia wimbo ule sokoni. Akaacha ngoma, akaingia kanisani, miaka thelathini na mitatu. Kuusikia njiani angeweza kupita. Kuusikia ndani ya nyumba anakomposea mwanawe mke, kisha akanawa na kula, hapo atakuwa amekubali mbele ya wakwe kwamba ni mume wa ng'ombe, na mwanawe ni mtoto wa huyo mume.

"Basi jibu, baba," baba mdogo akasema. Alikuwa na njaa, namjua. "Chakula kitangoja."

"Aliyeniimba amekufa."

"Sauti yake haijafa. Iko hapo."

Mzee akaitazama sabufa. Mchumba alikuwa ameinamisha kichwa, shati alilopewa na dada likionekana kwenye kola. Kisha mzee akachukua kofia yake, akainuka, akaenda kwenye mlango. Nilidhani wanaondoka. Nilimsikia dada akiitoa ile pumzi.

Hakuondoka. Alisimama katikati ya uwanja, juani, akaomba kitu cha kupiga. Na hapo mama yangu, mzee wa kanisa, ambaye kwa miaka yote hakuruhusu hata kupiga vidole mezani, akaenda pembeni ya jiko, akamwaga maji yaliyokuwemo kwenye dumu la njano, akampelekea dumu na fimbo. Nikamtazama. "Unashangaa nini," akasema. "Toa hilo dude lako nje."

Nikatoa sabufa kwa waya mrefu. Mzee akaniagiza niupige wimbo hadi kicheko kinapofika juu kabisa, nizime hapo. Nikafanya hivyo. Kicheko kikapanda, nikakata, na katika ule mwanya yeye akaingia.

Sikutegemea sauti ile. Mtu aliyekuwa ananong'ona ndani alifungua kinywa na kuku wakakimbia. Wale wazee wawili wa Mwamapalala wakaitikia mara moja, bila kuambiwa, kama watu waliokuwa wamekaa miaka yote midomo wazi wakingoja zamu yao. Mkono wangu ukaingia mfukoni, ukatoa simu, ukaanza kurekodi. Sikuamua. Miezi mitano nilikuwa nimesikiliza vikohozi vya watu na umeme wao uliokatika. Mkono ulishazoea kudhani kwamba vitu kama hivyo haviachwi vipite.

Kisukuma kilikuwa cha ndani. Baba mdogo akasimama begani kwangu akinitafsiria, mwanzoni kwa mzaha, halafu sauti ikambadilika.

Anasema siku ile aliletewa ujumbe uwanjani. Anasema alikuwa amefungwa dawa ya ngoma, na kwa sheria ya kundi lao manju aliyefungwa dawa hamkaribii mwanamke anayejifungua. Akimkaribia dawa imeharibika, na wenzake wakishindwa watamdai yeye ushindi wao. Anasema ujumbe ulikuwa wa mke wake. Mimba ya kwanza, siku ya pili ya uchungu, peke yake. Anasema alikimbia. Alifunga ng'ombe wawili kwenye mkokoteni, akamlaza mkewe juu ya majani, akawaswaga hadi zahanati akiwalilia ng'ombe kama wanadamu. Waliomwona kwa mbali waliona mtu, ng'ombe na vumbi. Wakasema kakimbilia ng'ombe. Akaacha waseme. Anasema mkewe ndiye aliyemkataza kujibu: waache wacheke ng'ombe, wakijua ni mimi watakudai ushindi wao. Anasema mke huyo sasa amelala chini ya udongo, na katika nyumba yao alimwita mume wake wa ng'ombe hadi siku ya mwisho, na ilikuwa salamu nzuri.

Hapo mzee akageuka, akanyoosha fimbo ya dumu kuelekea kwenye kiti alichokalia mwanawe.

"Anasema," baba mdogo akanong'ona, akasita. "Anasema, ng'ombe niliyemkimbilia ni yule pale. Amevaa koti. Amekuja kuoa."

Mchumba akainua kichwa. Miaka thelathini na mitatu alikuwa akiusikia wimbo ule kwenye masoko na minada, amewahi kupigana shuleni kwa ajili yake, na hakujua kwamba yumo.

"Baba," akasema. "Kwa nini hukuniambia?"

Mzee akashusha fimbo. "Nilikuwa nangoja ng'ombe akue."

Hakuna aliyejua kama ni mahali pa kucheka au pa kulia. Kisha kutoka ndani, nyuma ya dirisha la chumba cha pili, ikaja sauti ya mdogo wangu, ambaye kwa ada hakutakiwa kusikika hadi aulizwe:

"Basi mwambieni huyo ng'ombe aje ale, chakula kinapoa."

Kicheko kikaanzia jikoni, kwa wanawake wa jirani waliokuja kupika, kikazunguka uwanja. Mzee alicheka hadi akajishika goti. Mchumba alikuwa anacheka na machozi yanamtiririka hadi kwenye kola. Na mimi, mtu mzima, nimesimama katikati na simu juu, mpaka mama akanigonga mgongoni kwa mwiko.

"Na wewe zima hicho, usogeze viti. Mtu mzima huna kazi, kazi yako redio."

Manju hata akizeeka ni manju. Neno lilikuwa halijafika chini, mzee akalidaka. Akagonga dumu mara mbili, akaimba: mwenye nyumba hana kazi. Wazee wakaitikia: kazi yake redio. Hana kazi. Kazi yake redio. Mama yangu akaitikia. Baba mdogo akaitikia. Kutoka dirishani dada akaitikia kwa nguvu kuliko wote. Sikuzima, ningezimaje wimbo ambao ndio kwanza naingia.

Wakala. Walikula kuku wote watatu. Lakini kabla ya kuaga, mzee alinivuta kando, akauliza kama mimi ndiye niliyejaza nyimbo kwenye ile kadi. Nikasema ni mama wa stesheneri. Akasema atarudi na jibu la mwisho la ng'ombe na siku ya harusi pale tu maneno yake yatakapokaa nyuma ya maneno ya yule marehemu, kwenye kadi ile ile, ili kila atakayesikia lile asikie na hili. Akaweka mkono wake mkavu begani kwangu. "Wewe una nafasi," akasema.

Jumatatu nilikuwa stesheneri kabla haijafunguliwa. Nilimpa mama yule simu, nikamweleza. Akavaa vipokea sauti, akasikiliza yote, dakika kumi na moja, bila kupiga kopi ya mtu. Alipomaliza alifuta miwani, akalipachika faili letu katikati ya wimbo wa saba na wa nane, kwenye kadi yangu na kwenye kompyuta yake anakomjazia kila mtu. Nikamwomba akate ile sehemu ya mwisho, kuanzia kwenye mwiko.

"Sikati," akasema. "Albamu haikatwi. Wewe mwenyewe ulitaka kirefu."

Kabla mwezi haujaisha mshenga alikuja na siku ya harusi.

Dada aliolewa. Cherehani ilipakiwa kwenye pikapu, na baraza likawa kimya namna ambayo sikuitarajia. Nilikuwa nimezoea kusikiliza juu ya mngurumo ule, na sasa kila albamu ilisikika kama imepungukiwa na chombo kimoja. Mama alisema uwanja umekuwa mkubwa mno. Msimu wa pamba ulipofunguliwa nikapata kazi ya muda, karani wa mizani kwenye kituo cha ununuzi huko Kasoli. Nikalivaa lile shati.

Siku ya kwanza kulikuwa na foleni ndefu ya wakulima na marobota yao, na duka la upande wa pili lilikuwa limetoa spika nje. Niliutambua mchakacho kabla hata ya ngoma. Wimbo wa saba. Kicheko kikapanda, kikaisha, na yule mzee mkwe wetu akaingia. Foleni nzima ikanyamaza kumsikiliza, watu ambao nina hakika walishamsikia. Alipofika kwenye mkokoteni, mama mmoja aliyekuwa amekaa juu ya robota lake alijifuta macho kwa ncha ya kanga. Nami nilikuwa nimeshika kalamu, najua kinachofuata, na hakuna mahali pa kujificha kituo cha pamba. Mwiko ukalia. Sauti ya mama yangu, kali, safi, ikatandaa juu ya Kasoli nzima. Na foleni, wazee kwa vijana, wakaitikia kama amina: kazi yake redio.

Yule mama wa robota ndiye aliyefuata kwenye mizani. Akanitazama, akaitazama spika, akanitazama tena. Nadhani nilikuwa nimetikisa kichwa kwa mdundo.

"Mwangaluka, baba," akanisalimu. "Wewe si ndiye yule asiye na kazi?"

Ningeweza kumwonyesha shati. Ningeweza kumwonyesha kalamu, daftari na mizani yenyewe.

"Ndiye," nikasema, nikamsomea kilo zake.